Duluti kwa kayaki na watoto watatu: mara ya kwanza tulirudi nyumbani, mara ya pili tukaingia majini

Kama una watoto, uko Arusha au Moshi kwa likizo ya Desemba, na unatafuta siku moja ya majini isiyokulazimu kushuka hadi pwani, nenda Ziwa Duluti. Naipa nyota nne kati ya tano, na hiyo moja iliyobaki nitaeleza imekwenda wapi. Ila usitoke nyumbani kabla hujauliza habari za majaketi okozi ya watoto. Mimi Desemba 2023 sikuuliza, tukarudi nyumbani na nguo kavu na mtoto analia.

Tunaishi Dar es Salaam, Tabata. Mume wangu ni Mmeru wa Akheri, kwa hiyo kila mwisho wa mwaka tunapanda kwa mama mkwe. Ukitoka kwake unateremka Tengeru, unavuka barabara kuu ya Moshi, na baada ya muda si mrefu uko ziwani. Mama amezaliwa huko, amezeeka huko, na hajawahi kukanyaga chombo chochote cha majini. Anasema enzi zao mtoto aliyeonekana amekwenda ziwani alichapwa kwanza, akaulizwa baadaye. Duluti ni shimo la volkano lililojaa maji, kingo zake zinaingia chini ghafla, na wazazi wa zamani hawakuwa na muda wa kumweleza mtoto hayo.

Nilipomwambia kwamba wajukuu zake wanataka kupiga kasia humo, alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Mama Neema, mimi nitakuja. Nitakaa nchi kavu niwahesabu." Na kweli alikuja miaka yote miwili, na aliwahesabu.

Kwa nini Duluti na siyo kwingine? Watu wa huku wana machaguo matatu yanayotajwa sana. Kuna Momella Ndogo, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, ambako wanafanya safari za mitumbwi kwa kuongozwa na askari mwenye silaha, kwa sababu kuna viboko. Ni pazuri sana, twiga wanakuja hadi ukingoni, lakini mwanangu wa mwisho ana miaka sita na akiona kitu anasimama. Siwezi kumpeleka kwenye maji yenye kiboko. Kuna Chala, upande wa mashariki wa Kilimanjaro, nusu yetu nusu ya Kenya. Rangi ya maji yake inakutoa machozi, ila kushuka hadi majini ni ukuta wa mawe, na habari za mamba wa Chala kila mtu anazijua. Duluti haina kiboko wala mamba. Ina samaki, ina ndege, ina kenge wakubwa wanaowatisha wageni na wao wenyewe wanakimbia. Eneo lake ni kama kilomita ya mraba 0.6 tu, maana yake ukiwa popote majini unaona nchi kavu pande zote, na aliye nchi kavu anakuona. Kwa familia inayoanza, hilo kwangu lina uzito kuliko uzuri wa picha.

Sasa nieleze mwaka wa kwanza. Nilipanga kwa simu na kampuni moja ya matembezi ya Arusha mjini. Jina nitaliacha, nimewapigia mwenyewe na tumeshaongea. Waliniambia kila kitu kipo: kayaki, yaani mitumbwi myembamba ya kupiga kasia, makasia, mwongozaji, majaketi. Tulipofika, saa tatu asubuhi, majaketi yalikuwepo kweli, ila yote ya watu wazima. Kijana akachukua moja akamvisha Nuru, wakati ule ana miaka mitano, akafunga mikanda yote mpaka mwisho. Kwa macho lilionekana limebana. Nikamwomba asubiri. Nikashika jaketi mabegani kwa mikono miwili nikalivuta juu, taratibu, kama ninavyomvua fulana. Lilipanda lote. Kidevu kikazama ndani, kola ikafunika masikio, na Nuru akaniangalia kwa macho mawili tu, mdomo haumo.

Naomba mzazi yeyote anayesoma hapa aitunze picha hiyo. Mtoto akianguka majini, maji yanafanya kile mikono yangu ilichofanya: yanalisukuma jaketi juu na mwili unabaki chini. Jaketi la mtoto lina mkanda unaopita katikati ya miguu kuzuia jambo hilo hilo, na limeandikwa ndani kilo za anayepaswa kulivaa. Halipimwi kwa umri. Elia wangu na binamu yake wana miaka tisa wote wawili na wanapishana kilo saba.

Kijana akaniambia, "Mama usiogope, maji yametulia, tutakwenda pembeni pembeni." Hakuwa na nia mbaya, na nilimwona aibu imemshika. Lakini nilikataa. Baba Neema alitaka twende na wakubwa, Nuru abaki na Bibi, nikasema hapana, tumekuja watano na tutaingia watano. Tulirudishiwa nusu ya fedha zetu baada ya simu nyingi. Watoto walikula mkate na mayai chini ya mti, wakatazama wenzao wa kizungu wakipiga makasia, wakarudi Akheri. Mama mkwe hakusema neno njia nzima, ila alipofika alimpa Nuru kipande cha muwa akaniambia, "Umefanya vizuri."

Nikaapa mwaka unaofuata tutakwenda na majaketi yetu. Novemba 2024 nilizunguka Dar es Salaam mpaka nikapata duka linalouza vifaa vya boti, nikanunua mawili: moja la Nuru, moja la Elia. Yalikuwa ghali, sitaficha, ni gharama iliyozidi ya siku nzima ya ziwani. Neema ana miaka kumi na mitatu na mwili mkubwa, yeye la mtu mzima dogo linamkaa vizuri. Niliwapima wote sebuleni Tabata, mbele ya feni, nikawavuta mabegani mmoja mmoja. Hayakupanda.

Safari hii sikupitia kampuni ya mjini. Siku mbili kabla, Baba Neema alikwenda mwenyewe ziwani asubuhi, akaongea na vijana wanaoendesha mitumbwi na kayaki pale pale ufukweni, akaviona vyombo kwa macho yake. Sitoi majina yao hapa kwa sababu vijana wa kazi hii wanahama kila msimu, na ukimtafuta yule aliyetuhudumia huenda ukaambiwa yuko mlimani anabeba mizigo. Nitakupa alichouliza mume wangu, kinafaa kwa yeyote utakayemkuta. Aliuliza bei ni ya chombo au ya kichwa. Aliuliza mwongozaji atakaa chombo kimoja na watoto au atakuwa peke yake. Aliuliza kama ameshawahi kupinduka na alifanya nini. Swali la mwisho lilitusaidia zaidi, maana kijana mmoja alicheka akasema hajawahi, na mwingine akaeleza kwa kirefu namna alivyowatoa wageni wawili, wa kwanza nani, wa pili nani, mtumbwi aliugeuzaje. Tukamchukua huyo wa pili.

Bei tulikubaliana ya vyombo viwili, mbali na kiingilio. Msitu unaozunguka ziwa ni wa hifadhi na uko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, kwa hiyo kuna ada ya kuingia, ya raia ni tofauti na ya mgeni. Beba kitambulisho cha taifa, na weka salio la kutosha kwenye simu kwa ajili ya malipo kwa namba ya kumbukumbu.

Tulichagua Ijumaa kwa makusudi. Jumatano na Jumamosi ni siku za soko la Tengeru, na pale njia panda magari hayasogei. Ukitaka parachichi na ndizi nenda siku hizo, ukitaka ziwa, ziache. Na Jumapili za sikukuu ufukweni panajaa watu na muziki. Kutoka Arusha mjini ni kilomita 13 hivi, daladala za Usa River zinakushusha Tengeru, kisha bajaji au miguu.

Saa moja na nusu asubuhi tulikuwa ziwani. Muda huu nausisitiza. Duluti iko kama mita 1,290 juu ya usawa wa bahari, chini ya Mlima Meru, na asubuhi hata Desemba kuna ubaridi wa kuvaa sweta. Maji yanakuwa bapa kabisa. Kadiri jua linavyopanda upepo unaamka, na kufikia saa sita mchana uso wote wa ziwa una makunyanzi. Kwa mtu mzima si kitu. Kwa mtoto wa miaka tisa mwenye kasia, ni tofauti ya kufurahi na kulia.

Mwongozaji wetu, kijana wa miaka ishirini na kitu, mpole, alianza kwa kutukalisha wote kwenye majani, Bibi akiwemo. Akasema mambo matatu kisha akawauliza watoto wayarudie. Ukianguka, unashika chombo, huogelei kwenda nchi kavu, maana chombo kinaonekana na kichwa chako hakionekani. Ukiwa ndani, kitako hakitoki kwenye kiti, hata ukiona simba. Na mtu akipuliza filimbi, kila kasia linasimama. Elia aliuliza kama wadogo watafungwa kamba kwenye chombo wasianguke. Nilipenda alivyojibu: akamwambia kamwe, kwa sababu chombo kikigeuka aliyefungwa anabaki chini yake. Nimeshaona mahali pengine watu wazima wakifanya hivyo wakidhani ni usalama.

Halafu akatupanga. Mtumbwi mpana wa faiba: yeye nyuma anaongoza, Nuru na mimi katikati, Elia mbele na kasia fupi. Kayaki ya plastiki ya watu wawili: Baba Neema nyuma kwa sababu ni mzito, Neema mbele. Tulijaribu kwanza mita chache kutoka ukingoni, kwenda na kurudi, Bibi akiwa amesimama na kanga yake begani. Neema alikuwa anachota maji kwa nguvu za mikono na kayaki inazunguka kama pia. Kijana akamsogelea akamwonyesha: mgongo wima, kasia linaingia karibu na vidole vya miguu, kiuno ndicho kinachogeuka, mikono inafuata. Dakika kumi baadaye baba yake ndiye aliyekuwa anaharibu mwendo.

Tulizunguka kwa kufuata ukingo, hatukukata katikati. Upepo kidogo uliokuwepo tulianza kwa kuupokea usoni, ili wakati wa kurudi, mikono imechoka, utusukume. Ukisahau yote niliyoandika hapa, hilo likumbuke.

Upande wa msitu ndipo safari ilipolipa kila shilingi. Miti imeinama mpaka matawi yanagusa maji, kima wanaruka juu yake, na chini kuna mafunjo na matete. Kijana aliacha kupiga kasia, akanyoosha kidole bila kusema. Kenge, mrefu kuliko Nuru, alikuwa amelala juu ya gogo, mkia ndani ya maji. Tuliteleza mpaka nikaona ngozi yake, vidoa vya njano kama shanga zilizoshonwa, na ulimi unaotoka na kurudi. Nuru alinishika paja, hakusimama. Kisha kenge akajimimina majini, hakuna hata sauti, na gogo likabaki na unyevu pale tumbo lake lilipokuwa.

Mbele kidogo tukamkuta mdiria, yule mweusi na mweupe, amesimama hewani juu ya maji. Namaanisha amesimama: mabawa yanapiga, mwili hauendi popote, kichwa kimeinama kinatazama chini. Elia alianza kuhesabu. Alipofika kumi na moja ndege akadondoka kama jiwe na akatoka na kisamaki. Mwanangu huyu nyumbani hatulii kwenye kiti dakika mbili. Alikaa kimya mpaka ndege alipomaliza kukipigiza kisamaki kwenye tawi na kukimeza, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama tunaweza kukaa hapo tu.

Tulipotoka kwenye kivuli cha msitu, Meru lilikuwa limefunguka lote nyuma ya ukingo wa kaskazini, mita 4,566, hakuna wingu. Ukiwa ufukweni miti inaliziba. Inabidi uingie majini ndipo ulione. Mume wangu amezaliwa chini ya mlima huo na alisema hajawahi kuuona kutoka pale. Aliweka kasia magotini.

Na muda wote huo, kutoka ng'ambo, tulisikia sauti nyembamba juu ya maji: "Watanooo!" Neema alijibu kwa kunyanyua kasia. Mzunguko mzima ulituchukua saa moja na dakika ishirini, na Bibi alituhesabu mara sita.

Vitu vilivyotufaa: ndoo ya rangi ya lita kumi yenye mfuniko unaobana, imeoshwa vizuri, tukaweka simu, taulo na mkate na kuifunga chini ya kiti. Imefanya kazi kuliko mfuko wowote wa bei. Kofia zenye kamba. Mafuta ya jua hata kwa sisi weusi, kwa sababu maji yanarudisha mwanga usoni na Neema alibabuka pua. Nguo za kubadili, za kila mtu, hata anayeapa hatalowa. Na kwa ziwa lolote la maji baridi nina sheria moja ya nyumbani: hakuna kuchezesha miguu majini penye majani ya ukingoni, kwa sababu ya kichocho. Watoto wanapanda na kushuka penye mchanga mtupu, kisha wanajifuta wakauke.

Ile nyota iliyopungua imekwenda hapa. Vijana wa pale, pamoja na wema wao wote, bado hawana jaketi hata moja la mtoto wa miaka sita. Niliwauliza wote, nikaona kwa macho yangu rundo zima, nikasoma lebo. Wazazi wanne walikuja nyuma yetu asubuhi ile na watoto wao wakavishwa ya wakubwa, na mmoja wao nilimfuata nikamwonyesha kwa kuvuta mabegani. Alishusha mtoto. Nilimwambia mwongozaji wetu kwamba majaketi matatu ya watoto yangemletea familia kila wikiendi, na aliandika kwenye simu yake jina la duka nililonunulia yetu. Pia vyoo vya pale tulipopumzika havikuwa na maji. Nenda na dumu lako.

Chakula tulikula saa tano, chini ya mti ule ule wa mwaka uliopita. Mama alikuwa amebeba loshoro, chakula cha mahindi na maziwa mgando, kwenye chombo chenye mfuniko, ndizi za kuchemsha na nyama, na chupa mbili za chai ya maziwa. Watoto waliotoka majini wanakula mara mbili ya kawaida, panga hivyo. Mchana, ukiwa bado na nguvu, si mbali kuna makaburi ya Wapolandi, wakimbizi wa Vita Kuu ya Pili waliofika Tengeru kuanzia 1942. Kambi yao ilikuwa na watu wapatao 5,000. Sisi tulikwenda kwa nusu saa. Neema alisoma majina na miaka, akagundua wengine walikuwa watoto, akawa mkimya.

Tulipokuwa tunafunga mizigo ya kurudi Dar, tarehe 3 Januari, nilitaka kuyaweka majaketi kwenye buti la gari. Mama mkwe akayachukua mkononi mwangu. Akasema wajukuu wake wako kumi na wanne, wengine wa Usa River, wengine wa Moshi, na wote wanapitia kwake wakienda ziwani. Aliyatundika nyuma ya mlango wa chumba chake, akaniomba nimsomee kilo zilizoandikwa ndani, akaziandika ukutani kwa chaki: 15 hadi 20, na 30 hadi 40. Kisha akaniuliza duka lile la Dar lina na ya katikati.